Benchi la Wateja

Nantume binti Mukalazi alimuua baba yake kwa Kiingereza, kwa mistari miwili ya maandishi, baba mwenyewe akiwa kijijini Kyantale anakunywa chai. Lakini tusimhukumu kabla hatujamjua. Tutamhukumu baadaye, tukishamjua vizuri.

Alizaliwa hapo hapo Kyantale, upande wa Masaka, katika nyumba iliyozungukwa na mituba, miti ambayo gome lake hufanywa nguo. Mzee Mukalazi alikuwa mgongaji wa lubugo, ile nguo ya gome ambayo Waganda huivaa siku kubwa na huzikwa nayo siku ya mwisho. Mvua zikikolea, mzee aliegemeza ngazi, akauchanja mtuba juu na chini, akauvua gome lake lote kwa kipande cha shina la mgomba kilichochongwa. Kabla hajashuka aliufunga mti ule majani ya migomba toka kiunoni hadi shingoni, usije ukaungua jua. Gome lilipelekwa bandani, likagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likatanuka na kulainika. Kazi ya Nantume ilikuwa kuianika nguo juani, kuikandamiza mawe pembeni, na kuigeuza mpaka ipate wekundu wa udongo. Mtoto aliyelelewa hivyo hakuwa na haja ya kufundishwa rangi.

Basi akaenda Kampala kufundishwa rangi.

Mwalimu wake wa ubunifu chuoni aliitwa Tumwesigye, mtu wa Ankole aliyesoma Ulaya ya kaskazini akarudi na miwani ya duara na chuki ya mapambo. Mwaka wa kwanza Nantume alishona pochi, akaipamba shanga na kauri, akaiweka mezani kwa fahari. Tumwesigye aliinyanyua mbele ya darasa zima, akatoa wembe, akaanza kuzikata shanga mojamoja huku akizungumza kwa upole. Alisema kila unachokiongeza ni uongo, na anayeongeza sana ana la kuficha. Alipomaliza, akamuuliza kama ni kitambaa kilichokuwa kibaya au ni yeye mwenyewe aliyekuwa mwoga. Wenzake walicheka, na waliocheka zaidi ni wale ambao pochi zao zilikuwa bado kwenye foleni.

Nantume alilia chooni, akanawa uso, akarudi ameongoka. Hakuna mtu mkali kama aliyeongoka jana. Likizo ile alipofika nyumbani aliondoa vitambaa vya kufuma vilivyofunika viti vya sebuleni, akavikunja akavitia sandukuni, akamwambia baba yake kwamba nyumba ilikuwa inapiga kelele mno. Vitambaa vile vilifumwa na mama yake, aliyefariki Nantume akiwa bado mdogo. Mzee alisikiliza, akageuza kichwa kama mtu anayetafuta hiyo kelele inatokea upande gani, halafu akarudi bandani kwake. Nantume alipoondoka, vitambaa vilirudi vitini.

Miaka ikaenda na dini ya Tumwesigye ikabadilika. Uchi wa kitambaa haukutosha tena. Sasa wakubwa wa huko nje walikuwa wanaililia dunia, wanataka nguo ambayo ikitupwa inaoza, nguo isiyokunywa maji ya mto wala kuacha sumu. Tumwesigye, ambaye zamani aliiita lubugo nguo ya makumbusho, sasa aliishika mbele ya darasa kwa mikono miwili akatangaza kwamba ndiyo kitambaa cha kesho: mti haukatwi, gome linaota upya. Akauliza nani anajua inavyopatikana. Nantume akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo alikuwa mtu darasani, na tuseme kweli, alistahili, maana alikuwa na jicho na alikuwa na mkono.

Tabu ilikuwa wanunuzi. Mganda wa Kampala akiona lubugo anauliza nani amekufa. Nantume alipopanga chumba cha duka kule Bukoto, mama mwenye nyumba alikuja na mchungaji wake wakaziombea kuta, na wateja walipita nje wakichungulia kwa jicho la pembeni. Bibi harusi mmoja alijaribu koti, akapendeza mpaka akashangaa, kisha mama yake akalivua mwilini mwake bila kumwuliza. "Hiyo nguo ya maiti," mama alisema. "Ukitaka kuingia kaburini, subiri kwanza uolewe."

Siku ya kufungua duka, Mzee Mukalazi alikuja kutoka Kyantale na kanzu yake safi, ameikunja lubugo moja begani. Ilitoka kwenye mtuba mkongwe uliovuliwa gome mara nyingi mpaka likawa jembamba, na mwenyewe alikuwa ameigonga msimu mzima bila kuionyesha mtu. Aliitandaza juu ya meza ya kukatia. Nantume aliipapasa, akatoa pochi amlipe, maana alikuwa amekwisha kuzoea lugha ya mjini. Mzee akausukuma mkono wake pembeni.

"Wateja ndio wanaolipa," alisema. "Mtoto anapiga magoti, anasema asante, basi."

Nantume akapiga magoti pale sakafuni, na suruali yake ya mjini, mbele ya wageni waliokuja kunywa soda za bure. Mzee alimgusa kichwani. Alifurahi siku ile, hata akacheza kidogo, jambo ambalo Kyantale hawakuwa wamelishuhudia tangu amzike mkewe.

Kutoka katika nguo ile Nantume alishona gauni moja tu. Lilikuwa na mshono mmoja, unaoanza bega la kulia, mahali Waganda hufungia lubugo, ukashuka hadi kifundo cha mguu. Halikuwa na kifungo wala ushanga. Alilifanyia kazi kwa muda mrefu, akila mkate na chai duka halina mteja, na lilipokwisha yeye mwenyewe alilizunguka akilitazama. Hata mama mwenye nyumba alilisifu, akiwa amesimama mlangoni kwa tahadhari.

Ndipo alipofika Bi Marijke, mwanamke wa Kiholanzi aliyekuwa anachagua kazi za maonyesho. Kazi zingewekwa kwanza kwenye ukumbi mmoja wa Kololo, kisha chache zingepelekwa Uholanzi, mji wa Eindhoven, ambako wabunifu wa dunia nzima hukutana kutazamana. Aliyepelekwa huko alirudi mtu mwingine. Nantume alilitaka hilo kuliko alivyowahi kukitaka kitu chochote, na hakulificha.

Marijke alilipapasa gauni akasema ni zuri. Kisha akasema mazuri anayo mengi. Zamani, alieleza, watu walinunua umbo, baadaye wakanunua usafi wa roho, na sasa wananunua hadithi: kitu kimetoka kwa nani, kimepita katika mikono ipi, kimegharimu machozi gani. Akaomba kadi ya maelezo ya kutundikwa kando. Nantume akaandika kwamba nguo hiyo hugongwa na baba yake huko Masaka. Marijke akaisoma, akatabasamu kama mtu aliyeletewa ua na mtoto.

"Hii ni anwani," alisema. "Mimi nimekuomba hadithi. Ikiuma kidogo ndiyo itakayosafiri."

Pale ukumbini, kando ya Nantume, kulikuwa na mbunifu mwenzake mwenye taa za katani, taa mbaya zisizomulika hata miguu ya aliyezitengeneza, lakini kadi yake ilisimulia bibi aliyefuma kamba vitani gizani, na watu walikuwa wamejaa hapo wakipangusa macho. Nantume alimtazama yule mtu, akaitazama kadi yake tupu. Tumwesigye alikuwa amemfundisha kuondoa kila uongo kwenye nguo. Hakumfundisha lolote kuhusu kadi. Akainama akaandika: *Marehemu baba yangu aliigonga nguo hii ili azikwe nayo. Nimelinyima kaburi, nikawavika walio hai.*

Marijke alisoma, akaweka mkono kifuani. Gauni likawekwa katikati ya ukumbi, chini ya taa yake peke yake.

Nantume alijiambia kwamba kadi ni kadi. Iko kwa Kiingereza, iko Kololo, nyuma ya askari wa getini, na mtu wa Kyantale atapita wapi? Kitu alichokisahau ni kwamba kwa Waganda hakuna habari inayokimbia kama ya kifo. Mtangazaji mmoja wa redio ya Kiganda alikuja maonyeshoni kwa ajili ya mvinyo, akaisoma kadi, ikamchoma, akaulizia watu jina la marehemu na kijiji chake. Kesho yake asubuhi, baada ya matangazo ya vifo ambayo kila nyumba husikiliza kabla ya kushika jembe, akawaambia wasikilizaji jinsi binti wa marehemu Mukalazi wa Kyantale alivyomlilia baba yake kwa sindano na uzi.

Jua halijapanda vizuri, uwanja wa Mukalazi ulikuwa umejaa. Wanawake walikuja na magomesi, yale magauni yao marefu, wamejikaza viuno. Wanaume walibeba kuni na mikungu ya matoke. Na kila nyumba, kama desturi ilivyo, ilileta lubugo yake ya kumfunikia maiti. Waliingia wakiomboleza. Mzee Mukalazi akatoka bandani na nyundo mkononi, akauliza kwa wasiwasi nani amefariki. Mwanamke aliyekuwa mbele alianguka juu ya matoke.

Dada yake mzee, Shangazi Nabukalu, alifika mchana kutoka Mityana. Alianza kulia tangu barabarani, sauti imekwisha kukauka, akamkuta marehemu amekaa ukutani na kikombe cha chai. Alimpiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia.

Chakula kililiwa, maana kilikwisha kupikwa. Lakini lubugo zilikuwa shida. Lubugo ikishaingia msibani hairudi nyumbani kwa aliyeileta. Anayeirudisha anabeba kifo cha mwenzake akakiweke chumbani kwake. Hakuna aliyekubali kuondoka na yake. Zilibaki lundo mlangoni, na jioni Mukalazi mwenyewe alizibeba ndani akazipanga juu ya boriti za chumba anacholala. Tangu siku hiyo alilala chini ya sanda zake.

Kyantale ni watu wema, lakini hawakupewa zawadi kama ile wakaiacha. Mzee alipoingia kilabuni, mtu alimsogezea kiti akisema, "Mpisheni Marehemu, ametoka mbali." Mwingine alimwuliza kama huko aliko mvua zimeanza. Watoto wa shule walimwamkia Marehemu kwa adabu zote, mikono mgongoni. Alicheka nao siku za mwanzo. Halafu mnunuzi mmoja wa siku nyingi akakataa kupokea nguo mkononi mwake, akamwomba aiweke chini kwanza, na Mukalazi akaacha kucheka. Akaacha na kilabu, kisha na kanisa.

Ssempala, kaka yake Nantume aliyekuwa akilima hapo hapo nyumbani, alimpigia simu dada yake. "Njoo," alisema. "Tuna msiba huku, na mwenye habari zote ni wewe."

Nantume alifika amevaa gomesi, kitu ambacho hakukivaa kwa miaka. Baba yake alikuwa bandani, anagonga. Mkeka ulikuwa umetandikwa mahali pake pa siku zote, na Nantume akaanza kushuka magoti ili amwamkie. Mzee alisimamisha nyundo.

"Inuka," alisema. "Mteja hapigi magoti. Ssempala, mletee benchi."

Benchi la wateja lilikuwa kando ya mlango, la ubao mweupe, limelainishwa na makalio ya watu wa mbali. Ssempala alilileta. Nantume alibaki katikati, magoti nusu yamekunjika, hajui ashuke au apande. Shangazi Nabukalu, ambaye hakuwa amerudi Mityana makusudi, alijitokeza kutoka jikoni akifuta mikono.

"Kumbe mfiwa mkuu amefika," alisema. "Pole sana, mwanangu. Ulilia siku ngapi?"

Nantume alikaa benchini. Alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Alisema ni maelezo tu, kila mbunifu anaandika, huko wanakoitazama kazi siku hizi wanataka kitu kiwe na hadithi nyuma yake, na si yeye aliyeipanga dunia hivyo. Alisema gauni limependwa kuliko kazi zote. Alisema hakuna aliyedhurika.

"Na wewe hukuwa na hadithi nyingine?" Shangazi aliuliza. "Baba aliyekulea peke yake, akakusomesha kwa magome, hiyo haikuwauma hao Wazungu wako?"

Mzee Mukalazi aliendelea kuikunja nguo aliyokuwa akiigonga, polepole, pembe kwa pembe. Alipomaliza akasema kwamba yeye hana ugomvi. Ana jambo moja tu. Nantume aende kwenye redio ile ile, saa ile ile, aseme kwa mdomo wake kwamba Mukalazi wa Kyantale yu hai na kwamba yeye alidanganya. Akishafanya hivyo, aje, mkeka utakuwa pale pale.

Lilikuwa jambo dogo, la dakika chache. Nantume akaapa atalifanya. Akaongeza neno moja: baada ya Eindhoven. Maonyesho yalikuwa karibu, na Marijke akisikia redioni kwamba kadi ni ya uongo, gauni litateremshwa. Alilisema hilo akiwa na machozi ya kweli, akimwomba baba yake amvumilie kidogo tu. Mzee aliokota nyundo yake.

"Basi nitasubiri," alisema. "Marehemu hana haraka."

Eindhoven walimweka jukwaani, gauni likiwa limesimama kando yake kwenye fremu ya chuma. Wakamwomba asimulie. Alikusudia kusema kile kilichoandikwa kwenye kadi na kukaa, lakini ukumbi ulikuwa kimya mno na macho yalikuwa mengi, na kimya cha watu wanaokusikiliza kinalewesha. Akasimulia jinsi baba alivyoigonga nguo ile wakati ugonjwa umekwisha kumshika. Akasimulia mkono uliokuwa ukitetemeka juu ya nyundo. Watu walilia. Naye akalia, tena si kwa unafiki, alilia kwa uchungu kamili wa yatima, na usiku ule akala chakula kizuri kuliko vyote alivyowahi kula. Jumba moja la makumbusho lilichukua gauni. Miji mingine ikamwita, na kila alipofika alimwongezea baba yake kitu: homa, godoro, maneno ya mwisho. Alikuwa fundi, alijua mahali pa kukaza. Mzee wa watu hakuwahi kufa vizuri hivyo.

Redioni hakwenda. Kwanza ilikuwa baada ya Eindhoven, kisha baada ya mji mwingine, na halafu akaacha hata kujipangia siku.

Lakini magome aliyahitaji, na magome mazuri yalikuwa kwa baba yake. Kwa hiyo kila msimu wa mvua alikwenda Kyantale, na kila alipokwenda aliletewa benchi. Mukalazi hakumpunja hata mara moja. Alimchagulia nguo laini, akamwonyesha kila kiraka kwa kidole ili asije akadai ameuziwa mbovu, akamtajia bei anayomtajia kila mtu, akamshukuru kwa kufika. Msimu wa senene alimfungia senene wa kukaanga kwenye jani la mgomba, kama alivyowafungia wateja wake wa mbali wote. Nantume angependa sana atukanwe. Mara moja alijaribu kukaa chini ghafla, kabla benchi halijafika, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi la banda. Mzee aliweka nyundo chini, akatoka nje, akaenda kutazama miti yake mpaka gari la mjini lilipoondoka.

Nyumbani Bukoto alijiambia kwamba wazee ni wagumu, watalainika. Watu wazima wenye akili hujiambia mambo ya ajabu.

Kisha upepo ukageuka, kama unavyogeuka kila baada ya misimu michache katika kazi ile. Marijke aliandika kwa upendo mwingi kwamba watu wamechoka na huzuni. Sasa walitaka rangi, mchezo, kitu cha kuchekesha, na mtu wa taa za katani alikuwa amekwisha kuzipaka zambarau na kuzitia macho. Je, Nantume hakuwa na kitu cha furaha kutoka kwao? Nantume alisoma ujumbe ule mara mbili. Alitafuta furaha kichwani, akamwona mzee mwenye kanzu safi akicheza kidogo kwenye sakafu ya duka. Hadithi hiyo hakuweza kuiuza tena, maana mwenye kucheza alikuwa amekwisha kumzika katika nchi kadhaa.

Biashara ikalegea. Tumwesigye, waliyekutana kwenye harusi ya mtu, alimwambia huku akila kuku kwamba tangu mwanzo aliliona gauni lile linategemea sana maneno. Nantume alicheka kama mtu aliyetaniwa. Hakuweza kula tena siku ile.

Ssempala ndiye aliyepiga simu, kavu kama kawaida yake. Alisema mzee ameacha kugonga. Anakaa tu bandani, nyundo ziko mapajani. Hakusema njoo. Nantume alielewa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na Eindhoven mbele yake wala makumbusho ya kukasirika. Hakuna lililomzuia kwenda redioni ila aibu, nayo ilimshika siku kadhaa. Alitunga maneno akayafuta. Aliyapunguza kama alivyofundishwa, akaondoa kila kilichoongezwa, mpaka yakabaki kama alivyoambiwa bandani: Mzee Mukalazi wa Kyantale yu hai. Mimi binti yake nilidanganya. Aliyakariri njiani, akapanga kwamba akishayasema ataendesha gari moja kwa moja hadi nyumbani, na mzee atakuwa amekwisha kuyasikia.

Mapokezi ya redio kulikuwa na dirisha dogo la matangazo, na nyuma yake msichana mwenye kalamu nyuma ya sikio. Nantume alimwambia anataka kutangaza kwamba mtu fulani yu hai. Msichana akacheka kidogo, akasema hapo hutangaza waliokufa na waliopotea, walio hai hawana sehemu yao, lakini atauliza. Akataka jina.

"Mukalazi. Wa Kyantale, Masaka."

Msichana akaacha kuandika. Akasogeza karatasi za asubuhi zilizokuwa mbele yake, akatafuta, akamtazama Nantume kwa huruma ya kazini.

"Huyo tumemsoma leo saa moja," alisema. "Anazikwa saa kumi. Ameacha mtoto mmoja, Ssempala, na dada yake, Bi Nabukalu. Wewe ni nani kwake?"

Nantume alishika ukingo wa dirisha. Alifungua mdomo, na maneno aliyoyapunguza vizuri namna ile yakawa hayana tena mahali pa kukaa. Akasema asante, akatoka.

Alipitia dukani. Lubugo nzuri kuliko zote iliyokuwa kwenye rafu ilikuwa ya mkono wa baba yake, aliyoinunua kwake msimu uliopita, kwa bei ya wote. Akaikunja begani akaendesha.

Kyantale walikuwa wametulia kuliko ile mara ya kwanza, maana kilio walikwisha kukitumia. Hata lubugo wengi wao hawakuleta. Zao zilikuwa juu ya boriti miaka yote hiyo, na sasa zilishushwa, moja baada ya moja, zikafutwa vumbi. Msemaji wa msiba alisimama kando ya jeneza na kipaza sauti, akitaja kila nguo na jina la aliyeitoa kabla haijafunikwa. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka na majani ya migomba. Shangazi Nabukalu alikuwa mbele, kichwa kimeinama, na kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Nantume alipita katikati yao, akampa msemaji lubugo yake kwa mikono miwili. Msemaji, mtu wa kijiji cha pili asiyemjua, akauliza nani ameileta. Kabla Nantume hajajibu, Ssempala alisogea akamnong'oneza sikioni. Msemaji akaitikia kwa kichwa.

"Lubugo moja," kipaza sauti kilisema, "kutoka kwa mteja wa marehemu, aliyetoka Kampala. Familia inamshukuru sana kwa kufika."

Watu waliitikia kwa adabu. Nantume alimtazama kaka yake, akatazama ile nafasi kando ya Shangazi, akaanza kwenda hapo, magoti yamekwisha kuanza kukunjika. Shangazi alitandaza shuka lake taratibu mpaka likaifunika nafasi ile yote. Hakuinua uso.

Ssempala alikuwa amekwenda bandani. Alirudi amelibeba benchi, akaliweka kivulini mahali pa heshima, nyuma ya wafiwa, akalifuta vumbi kwa mkono wa kanzu yake, akamwomba mgeni akae.